Hina Iliyokataa Kutoka

Zamani ukiuliza pale Migori duka la Faduma liko wapi, watu hawakukutajia rangi ya mlango. Walikuambia uende mpaka usikie mwanamke anagombana na cherehani. Mgomvi huyo ni mimi, Kemuma, fundi wa nguo, na cherehani yangu ilikuwa barazani kwake. Mwenye duka mwenyewe alikuwa ndani katikati ya majora ya vitambaa, amekunja mikono, anakungoja wewe useme kwanza.

Kazi yetu ilikwenda hivi: mteja aliingia kwake akachagua kitambaa, akatoka kwangu nikampima, nikamwambia kitambaa hakitoshi, akarudi kwake. Wapo waliosema tumepanga njama. Hatukupanga. Watu wa Migori wanapenda kudanganya kuhusu ukubwa wa makalio yao, basi.

Yeye alikuwa Msomali kutoka Garissa, mimi ni Mkisii wa Nyamarambe. Yeye Mwislamu, mimi Msabato. Ijumaa adhuhuri alifunga yeye, Jumamosi kutwa sikushika sindano mimi, na wateja walilalamika kwamba kushona sketi kwetu kunahitaji kalenda. Alikuwa ameletwa mjini na mumewe Abdirahim, dereva wa lori lililopeleka mizigo Isebania, wakati binti yao Hibo bado anabebwa mgongoni. Kijaluo alikijua kabla ya Kiswahili kumkaa vizuri, kwa kuwa wanunuzi wengi walikuwa Wajaluo. Miaka michache baadaye aliweza kukukatalia bei kwa lugha nne, na katika zote nne hakupandisha sauti.

Hakuwa mwanamke wa mapambo. Bangili moja, buibui jeusi, uso wa mtu anayehesabu kitu kichwani. Lakini miguu! Miguu yake aliitunza kama wengine wanavyotunza seti ya vikombe vya wageni. Kila Idi, kila arusi, na kila aliposikia kwamba lori la Abdirahim limeonekana Kisii likiteremka, alikoroga hina ikawa nzito, akajipaka vidole na unyayo mzima. Akikaa kwenye kigoda akavua ndala, ulikuwa unaona nyayo za rangi ya kahawa iliyoiva. Na kwenye kisigino cha kushoto palikuwa na sehemu ambapo hina ilikolea kuliko kwingine kote, nyeusi tii, inang'aa.

Wanawake wenzake walimwonea wivu kwa kisigino hicho. Walikuwa wakisema, "Kisigino chako kinapenda hina, Faduma," naye anageuza mguu kidogo ili kionekane vizuri. Hata mimi nilikisifu, mimi ambaye dini yangu hainiruhusu hata hereni.

Mwaka wa tisini na sita, mvua za masika zikianza, Abdirahim alishikwa na malaria akiwa safarini. Alilipeleka lori mpaka Rongo akiwa hajiwezi, na hapo Rongo akafa. Alizikwa Migori siku hiyohiyo kabla jua halijatua. Faduma akaingia eda.

Kwa asiyejua, eda ni kukaa kwa mjane. Miezi minne na siku kumi mwanamke hatoki nyumbani bila haja ya lazima, hatii manukato, hajipambi, na hina hapaki. Faduma alikaa kwenye chumba cha nyuma ya duka. Mbele alikaa Asmaa, shangazi ya marehemu, bibi mzee aliyekuja kutoka Garissa kumshika mkono, na ambaye aliuza vitambaa kama mtu anayetoa adhabu. Hibo alikuwa bweni, kidato cha pili, upande wa Rongo. Mimi nilibaki barazani na cherehani yangu, na kila mchana nilipeleka chai chumba cha nyuma.

Wiki zikapita, hina ikaanza kufifia. Ikatoka vidoleni, ikatoka kwenye wayo, ikabaki kwenye kucha na pale kwenye kisigino. Kisha hata kucha zikaanza kumea nyeupe, na kisigino bado cheusi. Asmaa alipokiona aliwaita wenzake wakaja kutazama.

"Mume bado amemshika mguu," alisema. "Hajataka kumwachilia."

Wakaitikia mashallah, wengine wakafuta machozi. Mke mwema, walisema, hina yake yenyewe imekaa eda. Mimi nilinyamaza. Kwetu Wasabato wafu wamelala na hawajui neno lolote, sembuse kushika watu miguu, lakini mtu haingii matangani kuanza mahubiri. Niseme tu kwamba jambo hilo lilimfurahisha Faduma, na katika miezi ile vilivyomfurahisha vilikuwa vichache. Nilimkuta mara nyingi amekunja mguu, anakitazama kile kisigino kama mtu anayetazama picha.

Wanaosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakumjua Faduma. Hakuficha lolote. Alipaka hina.

Kisha nikamwona anachechemea. Kutoka kitandani mpaka mlangoni si mbali, lakini alikuwa anakanyaga kwa vidole, kisigino hewani. Nikamuuliza. Akasema ni mwiba. Nikamuuliza mwiba wa wapi, na yeye hajatoka nje tangu msiba. Akasema mimi nina maneno mengi.

Sasa, sisi Wasabato tuna desturi yetu. Kila robo ya mwaka, kabla ya meza ya Bwana, tunaoshana miguu, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Unapiga magoti, unachukua mguu wa mwenzako, unauosha, unaukausha kwa taulo. Nimeosha miguu ya kila aina: iliyopasuka kwa matope ya shamba la miwa, yenye funza, yenye vidole vilivyopandana. Miguu hainitishi wala hainichukizi. Kwa hivyo nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikapeleka karai chumba cha nyuma, nikapiga magoti.

"Mama Ondieki, unafanya nini?" aliniuliza. Ondieki ni kifungua mimba wangu.

"Naosha mguu. Leta."

"Mimi si wa kanisa yenu."

"Mguu haina kanisa. Leta."

Akacheka, mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi, akaleta. Nikauosha polepole. Kile cheusi hakikuwa na ukingo wa kupakwa. Kilikuwa kimesambaa ovyo, kama chai iliyomwagika mezani, huku cheusi, huku kahawia, huku kinakaribia buluu. Katikati kilikuwa kimeinuka, kimechimbika, kinatoa majimaji. Na kulikuwa na harufu.

"Mama Hibo," nikamwambia, "hii si hina."

"Ni hina. Nilipaka mimi mwenyewe, kwa mkono yangu."

"Ile ulipaka ilitoka. Hii ilikuwa chini yake."

 Aliuchukua mguu wake kutoka mikononi mwangu, akaufunika kwa ncha ya shuka, na niliona kwamba amenielewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Alisema atangoja eda iishe. Nikamwambia eda ina kalenda, kidonda hakina. Tukagombana kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwangu ni gumu. Mwishowe Asmaa mwenyewe, baada ya kuinama na kukiangalia kisigino kwa macho yake na kwa pua yake, alimwita Sheikh Hemed wa msikitini. Sheikh alisimama nje ya mlango, akasikiliza, akasema mjane mgonjwa anatoka kwenda kutibiwa na hakuna dhambi, na akauliza kwa ukali kwa nini hakuitwa mapema.

Tulikwenda hospitali moja ya misheni ng'ambo ya Homa Bay, ziwa likionekana kutoka dirisha la wodi. Daktari alikuwa Wangwe, jitu refu la kutoka Busia, mpole, mwenye tabia ya kukwaruza sikio akifikiri. Alimwuliza Faduma hicho kitu kimekuwepo tangu lini. Faduma akanitazama mimi, mimi nikamtazama yeye. Nani angejua? Tangu alipoanza kukipaka, hakuna aliyewahi kukiona chenyewe. Wangwe alikwaruza sikio, akakata kipande kidogo, akakipeleka Nairobi, akatuambia turudi.

Tuliporudi hakuzunguka. Alivuta kiti akaketi karibu ili asizungumze kwa sauti ya juu.

"Mama, ni saratani ya ngozi. Ni aina ambayo haipatikani sana, na ina haraka. Wazungu wanaipata mgongoni, usoni, kwa sababu ya jua. Kwetu sisi weusi inapenda kujificha. Chini ya unyayo, chini ya ukucha. Ni mbaya zaidi kwa sababu tunaiona ikiwa imechelewa."

"Dawa yake?"

"Dawa ya kumeza hakuna. Ni kukata. Na kisigino, jinsi imeingia ndani, siwezi kukata kidogo. Nitakata hapa." Akaweka ukingo wa kiganja chake chini ya goti lake mwenyewe. Nilipenda kwamba aliuweka kwenye mguu wake, si wa Faduma.

Faduma alikitazama kiganja hicho. Kisha akauliza swali ambalo mimi nisingeliuliza. "Ukikata, nitapona?"

"Inategemea. Kama bado iko kwa mguu, kuna nafasi nzuri. Kama imeshatembea, ikaenda kwa mapafu ama ini, nikikata nitakuwa nimekuondolea mguu bure."

"Utajuaje imetembea?"

Hapo ndipo alipotueleza. Atapapasa kinena, maana ugonjwa ukipanda huanza kuvimbisha tezi za hapo. Atapiga picha ya kifua. Na atachukua damu. Alisema kuna kitu ambacho seli za mwili zinakitumia ndani kwa ndani, na uvimbe ukishaenea mahali pengi, kinamwagika kwenye damu kwa wingi. Ukikipima kikawa chini, ni dalili njema. Kikiwa juu, wagonjwa wengi wa namna hiyo hawakai sana. Alikiita alama.

"Alama haijui siku ya mtu kufa," aliongeza. "Hiyo anajua Mungu. Inatuambia tu ugonjwa imefika wapi."

Faduma alijivuta kitandani akakaa wima, na akawa yule ninayemjua, wa dukani. "Daktari, sikiza. Tufanye maneno moja. Kama ugonjwa iko kwa mguu tu, kata. Sitalia. Kama imetembea, unaniacha na mguu yangu, nakufa mzima. Damu iseme. Mimi na wewe tunyamaze."

Wangwe akampa mkono, akakumbuka kwamba Faduma hashikani mkono na mwanamume asiye wake, akaurudisha mkono kifuani. "Sawa, mama. Damu iseme."

Muuguzi aliyechukua damu hiyo alikuwa Monicah, msichana wa Migori hapohapo, nyumbani kwao ni nyuma ya soko. "Mos, mama, mos," alikuwa akimpa pole kwa Kijaluo kila alipogusa sindano, na Faduma akamjibu kwa Kijaluo kwamba yeye ana ngozi ya ngamia, asiogope. Hospitali haikuwa na mashine ya kupima hicho kitu. Damu ilipelekwa Kisumu kwa pikapu yao.

Majibu yalikuja baada ya siku nyingi. Kinena kilikuwa laini, hakuna tezi. Picha ya kifua safi. Lakini alama ilikuwa juu, juu sana. Wangwe aliyasema hayo huku amekunja uso, nami nikadhani ni huzuni.

"Kwa hivyo hamkati," Faduma akasema.

"Kwa makubaliano yetu, hatukati."

Akashukuru. Nasema kweli, akamshukuru, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa. Tukaenda nyumbani.

Nimeona watu wakifa vibaya na nimeona wakifa vizuri, lakini sikuwahi kumwona mtu anayejiandaa kufa kwa utulivu kama Faduma. Eda ilikwisha, akarudi dukani, akakaa kwenye kigoda chake na mguu wake juu ya jora la kitambaa. Alimtoa Hibo shuleni. Akamfundisha kuchoma uzi ili kujua kitambaa: pamba inanuka karatasi, nailoni inayeyuka inakuwa shanga. Akamfundisha nani ni wa kumwamini na nani ni wa kumchekea tu. Alisamehe watu. Alipika pilau siku isiyo sikukuu akawalisha majirani. Asmaa alimwita mja mwema, na wanawake walikuja kuketi naye wajifunze subira.

Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia daktari, na Mungu pia kidogo. Jumamosi niliomba msamaha kwa hilo la tatu tu. Hibo alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kama mlingoti, mnyamavu kuliko mama yake, na alikuwa anapanga vitambaa rafuni bila kutazama mtu. Nani alimwuliza yeye kama amejifunza subira?

Kisha Monicah akaja barazani. Alikuwa nyumbani kwa mapumziko, na daktari alimtuma. Nilimwingiza ndani, Faduma akamkaribisha chai.

"Daktari anasema alama haikumpa usingizi," Monicah akaeleza. "Mapafu safi, kinena safi, lakini damu inapiga kelele. Akaona haipatani. Akauliza dereva, hiyo siku damu ilisafiri namna gani."

Na dereva akamwambia. Barabara ya Kendu Bay ilikuwa mashimo matupu, ikanyesha, pikapu ikazama kwenye tope, wakalala njiani. Barafu kwenye kisanduku ikayeyuka. Damu ilifika Kisumu imetikiswa, imepata joto, maji yake ya juu yamekuwa mekundu badala ya manjano, na aliyeipima huko aliipima hivyohivyo. Monicah alisema chembe nyekundu za damu nazo zina kitu kilekile ndani. Zikipasuka, zinakimwaga, na mashine haijui kimetoka kwa uvimbe au kimetoka kwa barabara.

Hilo nililielewa mara moja. Nyanya zikitoka Kisii kwa kreti zikafika Migori kwa barabara mbaya, utazikuta juisi, na si kwamba zilioza shambani.

"Anataka uende Kisumu wewe mwenyewe," Monicah akamaliza. "Damu itolewe hukohuko, ipimwe saa hiyohiyo."

Faduma alimwongezea chai. "Mwambie daktari asante. Lakini mimi nimemaliza hiyo maneno."

"Mama Hibo!" nikasema.

"Wewe nyamaza. Nimekubali na Mungu, nimeaga watu, nimelala usingizi. Sasa nirudi nimwambie Mungu, ngoja kidogo, damu ilitikisika?"

"Ndiyo, mwambie hivyo! Anaijua ile barabara!"

"Na ikisema ni nzuri, nakatwa mguu. Mimi hapa niko sawa. Walahi niko sawa."

Hapo ndipo Hibo aliposema. Alikuwa juu ya ngazi ya rafu, ana jora begani, na hakuteremka.

"Hooyo," alimwita mama yake kwa Kisomali, kisha akaendelea kwa Kiswahili, nadhani ili sisi wengine tuwe mashahidi. "Wewe umezoea kufa. Unaona ni kitu rahisi. Mimi sijazoea. Kila siku nikiamka naanza upya."

Akalirudisha lile jora mahali pake, akalinyoosha ncha.  Faduma alimtazama binti yake kwa muda ambao chai ilitosha kupoa, na ule utulivu wote alioupanga miezi ile nikauona unamtoka usoni. Aliogopa. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona ameogopa, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Akaenda Kisumu, akifuatana na Hibo. Safari hii damu haikusafiri, alisafiri mwenye damu. Walipotoka huko wakapitia kwa Wangwe, nami nikawakuta hospitalini kwa sababu baraza lilikuwa limenishinda kukaa.

Alama ilikuwa chini. Ilikuwa chini kabisa, kama ya mtu asiye na chochote.

"Samahani, mama," Wangwe akasema. "Kwa ile ya kwanza. Ningeuliza maswali mapema zaidi."

"Sasa una uhakika?"

"Ya kesho, sina. Wenye alama iko chini, wengi wao wanaishi. Si wote. Lakini nikikata leo, sikati bure."

Faduma alitazama ziwa nje ya dirisha. Hibo alikuwa amemshika ncha ya buibui, kama alivyofanya alipokuwa mtoto wa kutambaa dukani. 

"Nilisema damu iseme," Faduma akasema. "Imesema. Nipe siku mbili niende nyumbani nirudi."

Sikujua siku hizo ni za nini mpaka jioni ya kwanza aliponiita chumba cha nyuma. Asmaa alikuwapo, ameketi kwenye mkeka na tasbihi. Kitandani palikuwa na jora la pamba nyeupe, ile nzuri, aliyokuwa ameiweka rafu ya juu kwa wateja wa arusi.

"Kiungo ya Mwislamu haitupwi," Asmaa aliniambia. "Inafunikwa, inazikwa kaburini. Sheikh ameshaambiwa."

"Ulete futi yako," Faduma akasema.

Nikaileta kamba yangu ya kupimia. Nikapiga magoti. Nimepima mabibi arusi, mapadri na watoto wa shule, na marehemu wawili watatu ambao jamaa zao walitaka wazikwe na suti, lakini sikuwahi kupima sanda ya kitu kilicho hai. Akanyoosha mguu. Nikaweka ncha ya kamba chini ya goti, mahali alipoonyesha Wangwe, nikaishusha mpaka ncha ya kidole gumba. Nikazungusha kwenye nyama ya mguu. Ilikuwa na joto. Nikashuka kwenye kifundo, nikazungusha hapo, na chini ya kamba nikasikia mshipa unapiga. Ulikuwa unapiga taratibu, bila habari yoyote.

Nikaanza kulia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, na machozi yakaangukia kamba na namba sizioni.

"Mama Ondieki," Faduma akasema juu ya kichwa changu.  "Lia ukishamaliza. Ukilia sasa utapima vibaya, na mimi nitaomba kitambaa ingine kwa nani?"

Nikafuta uso kwa mkono wa blauzi. Nikapima tena kutoka mwanzo, nikaandika namba kwenye kiganja changu kama kawaida yangu, nikakata, nikashona pindo. Sikuacha uzi hata mmoja unaning'inia. Asmaa aliikagua akasema ni kazi safi, na kutoka kwake hilo lilikuwa jambo kubwa. Kisha nikatoka nje barazani nikalia nilivyotaka.

Wangwe alikata. Sheikh Hemed na wanaume wa msikitini waliuzika mguu makaburini Migori, kimya, bila matanga. Faduma alikaa wodini mpaka kidonda kikafunga, na Hibo akarudi shuleni muhula uliofuata, jambo lililomkasirisha Asmaa na kunifurahisha mimi. Damu aliendelea kuitoa, kila baada ya miezi fulani, hukohuko Kisumu, na kila asubuhi ya safari hizo hatukusemezana mpaka arudi.

Siku aliyofungua tena duka alikuja kwa magongo, akaketi kwenye kigoda, akatazama rafu zote kuona nani ameharibu mpangilio. Kisha akaniita ndani na kamba yangu. Alitaka gauni jipya, yale ya zamani yalimpwaya. Nikapima mabega, nikapima kiuno, nikapiga magoti kupima urefu. Upande wa kulia nikashuka mpaka sakafuni. Upande wa kushoto nikafika pale mguu ulipoishia, na mkono wangu ukasimama, sikujua niandike nini.

"Mpaka chini," Faduma akasema. "Pande zote mbili."

Nikapima mpaka chini, pande zote mbili. Ndivyo ninavyomshonea mpaka leo.